Karibu Ujuzini: Mwongozo kwa Msafiri Asiye na Habari

Hongera kwa kuamua kusafiri. Huenda umejifunza kuandika programu kwa video za YouTube, usiku, bando likiwa la bei nafuu. Huenda umeshinda mechi kadhaa za gemu kwenye simu ukaona sasa uwavae wakubwa. Huenda umetazama filamu zote za Star Wars na una neno la kusema kuhusu ile ya mwisho. Kwa vyovyote vile umefika kwenye lango la Ujuzini, nchi ya watu wa kompyuta, gemu, roboti na hadithi za anga za juu.

Nchi hii haimo kwenye ramani na haina bandari, lakini ina wenyeji wengi, wenye maneno mengi. Matangazo yake ya utalii ni mazuri mno. Yanasema huku hakuna anayekutazama rangi wala jinsia, kinachotazamwa ni uwezo tu.

Mwongozo huu ni wa msafiri aliyeyaamini matangazo hayo, hasa kama ni mwanamke, au ni mweusi, au, Mungu amtie nguvu, ni vyote viwili kwa mpigo. Wasafiri wengine hawauhitaji. Wao wakifika hupokewa kwa bashasha, hupewa kiti, na baada ya miaka kumi hushangaa kusikia kwamba kuna watu waliohitaji mwongozo.

Historia ya nchi

Mwenyeji wa kwanza utakayekutana naye atakueleza kwamba nchi hii ilijengwa na wanaume, na wanawake wameletwa juzi na wafadhili. Msikilize kwa adabu. Usimkatize kwa kumwambia kwamba programu za ENIAC, kompyuta iliyojaza ukumbi mzima na kuzinduliwa Philadelphia Februari 1946, ziliandaliwa na wanawake sita: Kay McNulty, Betty Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Hawakuwa na kitabu cha kujifunzia. Walipewa michoro ya mashine wakaichambua wenyewe mpaka ikaeleweka. Baada ya maonesho ya uzinduzi wakubwa walikwenda kwenye karamu. Wale sita hawakualikwa.

Usimtajie pia Grace Hopper, ambaye mwaka 1952 alitengeneza mojawapo ya programu za kwanza za kugeuza maagizo ya binadamu kuwa ya mashine, wala Margaret Hamilton, aliyeongoza kikosi cha MIT kilichoandika programu za kuongozea vyombo vya Apollo hadi mwezini. Atakuambia hao ni wa kipekee. Ukiendelea kuwataja watazidi idadi inayoruhusiwa ya watu wa kipekee, naye atakasirika.

Zaidi ya yote, usitaje mwaka 1984. Wakati huo, nchini Marekani, karibu watu 37 kati ya kila 100 waliohitimu shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta walikuwa wanawake. Miaka thelathini baadaye walikuwa wamebaki 18 hivi, ilhali kwenye udaktari na sheria wanawake walikuwa wakiongezeka. Kilichotokea hakina siri kubwa. Kompyuta za nyumbani ziliingia madukani zikatangazwa kama mchezo wa wavulana, wazazi wengi wakaziweka chumbani kwa mtoto wa kiume, na vyuo vikaanza kufundisha kana kwamba kila anayeingia darasani alizichezea tangu utotoni. Msichana aliyeigusa mashine kwa mara ya kwanza siku ya somo la kwanza akaonekana hana kipaji. Mwenyeji wako atakueleza kwamba ni suala la maumbile.

Kama wewe ni mweusi, historia yako ina meza. Mwaka 1943 maabara ya Langley, Virginia, ambako serikali ya Marekani ilifanyia utafiti wa ndege, ilianza kuajiri wanawake weusi waliosoma hisabati ili wafanye mahesabu. Kazi yao iliitwa kompyuta, kabla jina hilo halijahamia kwenye mashine. Kantini ilikuwa moja, lakini meza ya nyuma iliwekewa kibao cha karatasi ngumu kilichosema ni ya kompyuta wa rangi. Mmoja wao, Miriam Mann, alikitazama kibao kile mpaka kikamchosha, akakichukua, akakitia mkobani, akaondoka nacho. Kikawekwa kingine. Akakichukua nacho. Mumewe alimwonya kwamba watamfukuza kazi kwa ajili ya kibao. Hakuacha, hadi ikafika siku kibao hakikurudi tena. Katika kundi hilohilo la akina mama alikuja kutoka Katherine Johnson, ambaye mwaka 1962 mwanaanga John Glenn alitaka akague hesabu za mashine kwa mkono wake kabla yeye hajarushwa kuizunguka dunia.

Kantini ile ilikuwa na meza nyingine nyingi, zimejaa watu wenye elimu kubwa, na wote walikiona kibao kila saa ya chakula. Jambo hilo liweke akilini.

Uhamiaji

Mwanaume akisema anapenda gemu huulizwa anacheza lipi. Mwanamke akisema hivyohivyo hupewa mtihani. Ataulizwa mwaka lilipotoka toleo la kwanza, jina la mhusika aliyepita kwa sekunde nne, na aina ya kadi ya picha iliyomo kwenye kompyuta yake. Akikosa, alikuwa anatafuta kiki. Akipata yote, kuna mwanaume aliyemfundisha. Mtihani huu una alama za kufeli tu, za kufaulu hazijawahi kupangwa.

Huku kwetu mtihani hufanyikia kwenye kundi la WhatsApp la madivelopa. Dada anaweka kiungo cha programu aliyoitengeneza, ya kuwasaidia wenye maduka kutunza kumbukumbu za madeni. Dakika ya kwanza, madole gumba matatu. Ya pili: “Hongera dada, nani alikusaidia?” Ya tatu: “Madivelopa warembo hivi kumbe wapo!” pamoja na imoji za macho ya kopa. Ya tano, mtu yuko inboksi anaomba waonane wabadilishane mawazo. Ya nane, mwingine amegundua kosa la tahajia kwenye ukurasa wa pili, na huo ndio mchango wa kwanza unaohusu programu yenyewe. Ya kumi, kaka mmoja anaweka kiungo cha programu yake inayofanya kazi ileile, na hapo ndipo mjadala wa kiufundi unapoanza: hifadhidata gani, seva iko wapi, gharama ya mwezi shilingi ngapi.

Ukaguzi wa hati unawahusu hata watu wasiokuwepo duniani. Novemba 2014 kionjo cha filamu mpya ya Star Wars kilimwonesha John Boyega, Mwingereza mwenye asili ya Nigeria, amevaa gwanda jeupe la askari wa himaya, na wenyeji wakatoa hoja kwamba askari wale hawawezi kuwa weusi. Katika hadithi hiyohiyo yumo mzee wa kijani aliyeishi miaka 900, na dubwana lenye manyoya mwili mzima linaloendesha chombo cha anga. Hati zao hazijawahi kuwa na kasoro. Mwaka 2019 ilipotangazwa kwamba Halle Bailey ataigiza nguva katika filamu ya Disney, walijitokeza hadi wa kutoa hoja za kisayansi kwamba nguva hawezi kuwa mweusi. Wavuvi wa delta ya Rufiji, ambako nguva wa kweli bado huonekana kwa nadra, hawakuitwa kutoa ushahidi.

Kuna aliyejaribu kufaulu kwa kishindo. Mwandishi Mmarekani mweusi N. K. Jemisin alishinda tuzo ya Hugo, ya hadithi za sayansi na njozi, kwa riwaya bora mwaka 2016, 2017 na 2018, mara tatu mfululizo, jambo ambalo hakuna mwandishi aliyelifanya kabla yake. Mwaka 2015 kundi moja lilikuwa limejipanga kuteka uteuzi wa tuzo hiyo, likilalamika kwamba inatolewa kwa kufuata siasa badala ya ubora, na wapiga kura wakaona heri vipengele vitano vikose mshindi kabisa. Jemisin alipochukua ya tatu bado walikuwepo waliosema kabebwa. Kumbeba mtu miaka mitatu bila kumtua ni kazi nzito, na mbebaji hadi leo hajajitokeza kudai ujira wake.

Misemo ya wenyeji

“Ni utani tu.” Husemwa tusi likishagundulika. Kabla ya hapo yalikuwa maoni.

“Sisi hatuangalii rangi wala jinsia.” Husemwa katika chumba chenye rangi moja na jinsia moja. Kama wewe ndiye uliyeharibu hesabu hiyo, utaombwa uketi mbele siku ya picha.

“Lete ushahidi.” Usipouleta umezua. Ukiuleta utaulizwa kwa nini ulikuwa unawekea watu kumbukumbu.

“Hata wanaume wanatukanwa.” Ni kweli, na wengi. Utafiti wa kituo cha Pew uliotolewa Marekani mwaka 2021 ulikuta watu wazima 41 kati ya 100 wamewahi kusumbuliwa mtandaoni, wanaume wakiwamo tele. Tofauti ni aina ya tusi. Wanawake wa chini ya miaka 35 waliosema wamewahi kudhalilishwa kingono walikuwa 33 kati ya 100, na wanaume wa rika hilo 11. Mwanaume huambiwa hajui kucheza. Mwanamke huambiwa atakachofanyiwa akipatikana.

“Wapuuze, watachoka.” Msemo huu hutoka kwa mtu mwema ambaye hajawahi kupuuza watu mia tatu kwa usiku mmoja.

Hali ya hewa

Kwa walio wengi hali ya hewa ni shwari mwaka mzima. Dhoruba huwakuta wachache, na huwakuta kwa zamu.

Ile inayozungumzwa mpaka leo ilianza Agosti 2014 nchini Marekani. Zoë Quinn, mtunzi wa Depression Quest, gemu la maandishi kuhusu ugonjwa wa sonona, aliandikiwa na mpenzi wake wa zamani waraka mrefu wa mambo ya ndani, ukawekwa hadharani. Wenyeji wakachomoa humo tuhuma kwamba Quinn alijipatia sifa za gemu lake kwa kuwa na uhusiano na mwandishi wa habari. Mwandishi huyo hakuwahi kuandika uhakiki wa gemu hilo. Ungedhani kesi imeishia hapo. Badala yake ilipewa jina, Gamergate, na kaulimbiu yenye heshima zake: maadili ya uandishi wa habari za gemu.

Kwa ajili ya maadili hayo watu walianikwa anwani zao, namba zao na picha zao za faragha. Oktoba mwaka huo Brianna Wu, mtengenezaji wa gemu, alikimbia nyumba yake baada ya anwani yake kuwekwa mtandaoni pamoja na vitisho vya kumuua. Anita Sarkeesian, ambaye kosa lake lilikuwa kutengeneza video za kuchambua jinsi wanawake wanavyochorwa kwenye gemu, alialikwa kutoa mhadhara katika Chuo Kikuu cha Utah State. Chuo kikapokea barua pepe ya mtu aliyeahidi kufanya mauaji ya halaiki siku hiyo. Sarkeesian akauliza kama watu watapekuliwa silaha mlangoni. Akajibiwa kwamba sheria ya jimbo inamruhusu mwenye kibali kuingia na bunduki yake. Akaufuta mhadhara. Maadili ya uandishi yakawa yamelindwa.

Ukiona wingu linajikusanya juu yako, huu ndio mwenendo wake. Kwanza, mtu mwenye wafuasi wengi huweka skrinishoti ya ulichoandika, na juu yake swali la upole: “Hivi huyu naye ni nani?” Pili, wafuasi wake hulijibu swali hilo kwa bidii, kuanzia picha zako za chuo hadi jina la mwajiri wako. Tatu, anapigiwa simu mama yako. Nne, yule mwenye wafuasi husema hakumtuma mtu, yeye aliuliza tu. Leslie Jones, mchekeshaji mweusi wa Marekani, alikutwa na dhoruba ya namna hiyo Julai 2016 kwa kuigiza kwenye filamu ya Ghostbusters. Alitumiwa picha za nyani kwa wingi hadi akajitoa Twitter kwa muda, na kampuni ikamfungia moja kwa moja mchochezi mkuu. Mwezi uliofuata tovuti yake ikadukuliwa, ikapachikwa picha zake za faragha na za vitambulisho vyake.

Ajira

Ukipata kazi rasmi Ujuzini utapewa kompyuta, kadi ya mlangoni na ofisi ya rasilimali watu. Kazi ya ofisi hiyo ilielezwa vizuri Februari 2017 na mhandisi Susan Fowler, alipoandika kuhusu mwaka wake katika kampuni ya Uber. Siku ya kwanza rasmi kwenye kikosi chake, aliandika, meneja alimtumia ujumbe wa kumtongoza kwenye mfumo wa mawasiliano wa kazini. Akaupiga picha, akaupeleka panapohusika. Akaambiwa hilo ni kosa la kwanza la bwana huyo, na kwamba bwana huyo ni mchapakazi. Baadaye akakutana na wanawake wengine waliokwisha kuambiwa hivyohivyo kuhusu kosa la kwanza la bwana yuleyule.

Katika maandishi yale kuna kisa cha makoti. Wahandisi wa idara yake waliahidiwa koti la ngozi kila mmoja, wakapimwa. Kisha wanawake, ambao kufikia hapo walikuwa wamebaki sita, wakaarifiwa kwamba hawatapata, kwa kuwa idadi yao haitoshi kupata punguzo la bei ya jumla. Wanaume, zaidi ya mia, waliagiziwa. Yaani wanawake walikosa makoti kwa sababu ni wachache, na mwenye akili timamu anaalikwa ashangae kwa nini walizidi kupungua. Juni mwaka huo mkurugenzi mtendaji, Travis Kalanick, alijiuzulu baada ya mfululizo wa kashfa.

Tabia za nchi huingia pia kwenye mitambo yake. Mwaka 2018 Joy Buolamwini, mwenye asili ya Ghana, na Timnit Gebru, mzaliwa wa Addis Ababa, walipima programu za kampuni tatu zinazotambua jinsia ya mtu kwa kutazama sura. Kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi lilifika asilimia 34.7. Gebru alikuja kuwa miongoni mwa viongozi wa kikosi cha maadili ya akili mnemba huko Google, na Desemba 2020 akatoka baada ya mvutano kuhusu makala ya kitafiti. Yeye anasema alifukuzwa, kampuni ilisema alijiuzulu. Somo kwa msafiri: kazi ya kueleza kasoro za nyumba ipo, lakini mkataba wake ni mfupi.

Huduma za dharura

Kwenye kila mtandao kipo kitufe cha kuripoti. Ukikibonyeza utashukuriwa kwa kusaidia kuifanya jamii iwe salama, kisha utajibiwa kwamba ujumbe uliouripoti haujavunja vigezo. Mifumo ya kunasa matusi ililelewa zaidi kwa Kiingereza, na tusi la Kiswahili cha mtaani, lenye fumbo ndani yake, hupita mbele yake bila kusimamishwa.

Upande wa pili wa kitufe kile, kwa miaka kadhaa, walikaa vijana wa Nairobi. Kampuni ya Sama ilikuwa na mkataba na Meta wa kuhakiki maudhui ya Facebook kutoka nchi za Afrika. Februari 2022 jarida la TIME liliandika kwamba baadhi yao walilipwa kiasi cha dola 1.50 kwa saa, kazi yenyewe ikiwa kutazama mauaji na ubakaji zamu nzima ili wengine tusivione. Mei mwaka huo Daniel Motaung, kijana wa Afrika Kusini aliyefanya kazi hapo, alizishitaki kampuni zote mbili nchini Kenya, na mwaka 2023 wahakiki zaidi ya 180 wakafungua kesi yao. Kwa hiyo unapobonyeza kitufe ukasubiri mwokozi, ujue mwokozi naye yuko mahakamani.

Sheria zipo. Kenya ina sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018, ambayo ilipotungwa ilimwekea anayemsumbua mtu mtandaoni faini hadi shilingi milioni 20 au kifungo hadi miaka 10. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kwa kosa la namna hiyo faini haipungui shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu. Ni sheria kali na inafanya kazi. Mwaka 2016, kwa mfano, mahakama mjini Arusha iliitumia kumtia hatiani mtu aliyemtukana Rais kwenye Facebook. Wewe usiye Rais utaulizwa kaunta kama unamfahamu anayekutukana, na kama siyo mambo ya wapenzi.

Vitu vya kubeba

Hapa mwongozo unaacha mzaha kidogo, kwa sababu orodha hii inasaidia kweli. Piga skrinishoti inayoonesha jina la akaunti, tarehe na saa, na hifadhi kiungo chake kabla hakijafutwa. Weka uthibitisho wa hatua mbili kwenye barua pepe kwanza, ndipo uende kwenye mitandao, maana mwenye barua pepe yako ana kila kitu chako. Ondoa namba ya simu na mtaa unaoishi kwenye kurasa zako za zamani, hata ule uliofungua kidato cha pili. Mpe rafiki unayemwamini simu yako akusomee ujumbe unaoingia na akuoneshe tu unaohitaji hatua. Mwajiri wako mwarifu mapema, kwa maandishi, kabla hajaarifiwa na wengine. Vitisho vya kukudhuru vipeleke polisi, ukiwa na mtu mwingine, na usiondoke bila namba ya jalada.

Sasa isome orodha upya. Mwenye kupiga skrinishoti ni wewe, mwenye kufunga milango ni wewe, mwenye kutafuta nauli ya kwenda kituoni ni wewe. Aliyetukana hajaagizwa chochote. Waliotazama hawajaagizwa chochote. Vitabu vingi vya usalama mtandaoni vimeandikwa hivyo, na mwongozo huu nao ulikuwa unaelekea hukohuko.

Kiambatanisho kwa mwenyeji mwema

Wewe hutukani mtu. Una dada, una binti, una wafanyakazi wenzako wanawake unaowaheshimu. Dhoruba ikipiga hukaa kimya kundini, kisha ukaenda inboksi kumwandikia mhusika: “Pole sana dada, tuko pamoja.” Inboksi za waliotukanwa hadharani zimejaa ujumbe wa namna hiyo. Tusi linasomwa na watu mia mbili na hamsini, pole inasomwa na mmoja, na kila anayetazama kundi kwa nje anahesabu kwamba watu mia mbili na hamsini wamekubaliana na tusi.

Kibao cha Langley hakikuhitaji wabaguzi wengi. Kilimhitaji mmoja wa kukiweka, na kantini nzima ya watu wastaarabu wa kuendelea kula.

Kwamba inawezekana vinginevyo tumeshaona. Juni 2018 Kelly Marie Tran, Mmarekani ambaye wazazi wake walitoka Vietnam, alifuta picha zake zote Instagram baada ya miezi ya kutukanwa kwa rangi na jinsia yake tangu alipoigiza kwenye Star Wars, na sauti za wenzake zikasikika alipokwisha kuondoka. Mei 2022 zamu ilimfikia Moses Ingram, mwigizaji mweusi katika tamthilia ya Obi-Wan Kenobi, naye akaonesha hadharani ujumbe aliokuwa akitumiwa. Safari hii ukurasa rasmi wa Star Wars ulijibu, na Ewan McGregor, nyota wa tamthilia yenyewe, akajirekodi video akisema kwamba anayetuma matusi yale, kwake yeye, si shabiki wa Star Wars. Matusi hayakuisha. Ila waliotukana walisikia kutoka kwa mtu wanayempenda kwamba nchi si yao.

Wewe si nyota wa filamu, lakini huenda ni admini. Kazi yako si ngumu. Sema palepale tusi lilipotolewa, mbele ya walewale waliolisoma. Usiandike insha, “Hapa hatuongei hivyo” inatosha. Asiyesikia muondoe, kitufe unakijua, ndicho ulichotumia kumtoa aliyekuwa anatangaza mikopo. Usimwombe aliyetukanwa aje kuwaelimisha wengine, na usimtafute faragha kupewa shukrani.

Hakuna atakayekuita shujaa. Kuna atakayeandika kwamba umekuwa laini, na mwingine atauliza kama yule dada ni mchumba wako, au ndiyo unamtupia ndoano. Mjibu kwamba mada ilikuwa programu ya kutunza madeni ya dukani, na wewe una swali: mteja akilipa nusu, inahesabuje salio? Kisha nyamaza, ili mwenye programu ajibu.